Shosho Alipoulizwa Hali Yake Kortini

Shosho wangu, yaani nyanya yangu, hawezi kumpita mtu bila kumsalimia. Ukitembea naye kutoka nyumbani kwetu hapa Section 58, Nakuru, mpaka dukani, mwendo wa dakika tano, ni heri ubebe kiti. Atamsalimia mwenye duka, aulize mke wake, aulize yule mtoto aliyekuwa na kikohozi, halafu ahamie kwa mtu wa boda aanze upya. Na yeye akiulizwa hali yake, jibu ni lile lile tangu nizaliwe: "Niko sawa kabisa, namshukuru Mungu." Hata siku aling'olewa jino alijibu hivyo, na pamba bado iko mdomoni.

Hizo salamu ndizo zilimpeleka hospitali. Na ndizo karibu zimnyime goti lake.

Ilikuwa asubuhi, pale kwa zebra, kivuko cha watu cha barabara kubwa, mahali ambapo magari ya upande mmoja yanapita mistari miwili. Mimi nilikuwa ng'ambo, kwa toroli yangu ya kuuza smoki, zile soseji ndogo, na mayai, nakata kachumbari. Shosho alikuwa anakuja kuniletea dania. Lori la kabichi likamsimamia. Sasa mtu mwingine angevuka aende zake. Shosho hapiti gari iliyomsimamia bila kusema asante. Alifika katikati, akageuka, akamwinulia dereva mkono, na nikaona mdomo wake unaenda. Najua kabisa alikuwa anamuuliza kabichi zimetoka wapi.

Kwa mstari wa pili kulikuwa na gari ndogo inakuja. Dereva wake, mwalimu wa primari aliyechelewa kazini, aliona lori limesimama akadhani limeharibika. Akalipita. Lori lilikuwa limemficha Shosho mzima mzima, na yeye alipotoka mbele ya lile lori hakuwa anaangalia upande huo. Alikuwa bado anapunga mkono.

Bampa ilimpata kwa goti. Mwalimu alikuwa ameshakanyaga breki, ndiyo sababu leo naandika nikicheka. Nilivuka hiyo barabara sijui vipi, kisu bado kiko mkononi, na nilipofika watu walikuwa wameshamshika mwalimu kwa kola wanataka kumfunza adabu. Shosho amelala kwa lami, kitambaa kimetoka kichwani, mguu umeelekea mahali mguu hauelekei, na anapiga kelele: "Msimchape! Msimchape huyo kijana, niko sawa!"

Mtu mmoja akamwambia, "Mathe, mguu umevunjika."

"Najua. Lakini mwacheni."

Wakamwacha. Mwalimu huyo ndiye alitupeleka hospitali, analia kuliko mimi. Kisha akaenda polisi mwenyewe akaandikisha kwamba lori lilikuwa limesimama kwa zebra na yeye hakusimama. Kuanzia hapo kila Jumamosi alikuwa anakuja na mkate na maziwa. Shosho alimsamehe siku ya kwanza, kabla hata plasta haijakauka.

Mguu uliwekwa chuma na skrubu, na mfupa ukashika vizuri. Goti ndilo lilikataa. Lilikunja kidogo tu, halafu likagoma, mguu ukawa unatangulia mbele kama mbao. Daktari aliyemfanyia operesheni alituambia wazi: chuma kitolewe, goti lilegezwe, halafu afanye mazoezi, atakunja tena. Lakini tusingoje sana, kwa sababu goti likizoea kukaa hivyo litabaki hivyo. Operesheni ya pili. Kwa smoki na mayai yangu, hiyo ilikuwa kama kuniambia ninunue trela, na trela ni ndoto yangu ya siku nyingi, naijua bei yake.

Aliyetuonyesha njia ni mwalimu mwenyewe. Alikuwa ameketi kwetu, kikombe mkononi, akasema, "Shosho, gari yangu iko na bima. Bima ni ya mambo kama haya. Nishtaki."

"Nikushtaki?" Shosho alishtuka kama ameambiwa aibe. "Na nimekusamehe?"

"Umenisamehe mimi. Sasa shtaki hiyo gari."

"Gari imenikosea nini? Si ni wewe ulikuwa unaiendesha."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Sijawahi kusikia pengine popote mtu aliyegonga akimbembeleza aliyegongwa ampeleke kortini. Shosho alifikiria wiki nzima. Mwishowe akakubali, lakini kwa masharti yake. "Nikifika kwa jaji nitamwambia wewe ni kijana mzuri. Hiyo hamtanizuia."

Wakili tuliyempata ni mdada mdogo tu, ofisi yake iko gorofa ya pili hapa mjini, na Shosho alipanda zile ngazi kiubavu kama kaa, akisalimia kila mtu anayeshuka. Wakili aliuliza karatasi: abstrakti ya polisi, P3, ile fomu ya kuandika majeraha, na barua za hospitali. Shosho alikuwa amezihifadhi zote ndani ya Biblia, hata risiti za dawa za maumivu. Wakili alifurahi sana. Alituambia kuna watu wanakuja na mkono mtupu, karatasi zimefungiwa maandazi.

Swali la makosa liliisha upesi. Sheria ni kwamba mwenzako akisimama kwa zebra, na wewe unasimama, haijalishi unafikiria nini juu ya lori lake. Watu wa bima walisema Shosho naye alisimama katikati ya barabara akapiga gumzo, kwa hivyo na yeye abebe sehemu ndogo. Wakili alidhani Shosho atakataa.

"Ni ukweli, nilisimama," Shosho akasema. "Hiyo yangu nipeeni."

Kikabaki kitu kimoja tu cha kuamuliwa: hilo goti limepona, ama linahitaji operesheni? Korti ikisema limepona, basi. Tungebaki na goti la mbao.

Bima ilikuwa na haki ya kumpeleka Shosho kwa daktari wao. Nilimsindikiza mimi. Asubuhi hiyo alivaa sweta yake ya Krismasi, akajipaka mafuta, na tulipofika mlangoni akaninyooshea fimbo yake. "Nishikie hii."

"Shosho, si uingie nayo?"

"Naenda kuonana na daktari na fimbo? Atadhani naumwa."

Nikaangalia mlango ukifungwa. Kutoka nje nilisikia kila kitu, ukuta ni wa mbao. Daktari alikuwa mtu mpole, hakuna ubaya alifanya. "Habari yako, mama?"

"Niko sawa kabisa, namshukuru Mungu! Na wewe? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mguu unaendeleaje?"

"Uko sawa."

"Unauma?"

"Ah, kidogo tu, ni uzee. Wewe unaonekana umechoka, umekula?"

Alipoambiwa akunje, nilikuja kujua baadaye, alililazimisha hilo goti mpaka jasho likamtoka chini ya kitambaa, ili asimwaibishe kijana wa watu aliyemwongelesha vizuri. Ripoti ilipokuja, ilisema mgonjwa anatembea bila fimbo, hana malalamiko, haonekani kuhitaji operesheni.

Wakili aliisoma, akaweka miwani juu ya meza. "Shosho. Ulimwambia uko sawa?"

"Sasa ningemwambia nini? Hatujuani."

"Ni daktari!"

"Ndiyo, lakini ndio tumekutana. Mtu hajakunywa hata chai kwako, unaanza kumwagia shida zako?"

Nilijaribu kukasirika nikashindwa. Hivyo ndivyo alivyotulea. Mtu akikuuliza hali, unampa furaha kwanza. Shida zinakuja baadaye, polepole, akiwa ameshakaa. Wakili hakutaka Shosho aongeze chumvi. Alimwambia kitu kimoja tu: "Siku ya korti sema ukweli wote, hata ule hupendi."

Nikajipa kazi ya kumfundisha kulalamika. Ilikuwa ni masomo magumu, afadhali hata yangu ya udereva. Kila asubuhi nilikuwa naingia na chai.

"Shosho, umeamkaje?"

"Niko sawa ka..."

"Shosho!"

"Haya. Goti lilinisumbua." Anaona ni kama ametukana mtu. "Lakini nimelala vizuri!"

Mwalimu alipokuja Jumamosi alivaa tai akajifanya wakili wa bima. Alisimama katikati ya nyumba, uso mkali, mkono kiunoni. "Mama, ni ukweli ama si ukweli kwamba mguu wako umepona?"

"Mwalimu, hiyo tai imekupendeza. Keti ukunywe chai."

Kesi ikaishia hapo, tukala mkate.

Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza shule ya udereva, nikilipa pole pole. Pale kuna ubao mkubwa umechorwa mji mdogo, na unasukuma vigari vya kuchezea ukieleza unafanya nini. Mwalimu wa pale akauliza, "Mwenzako amesimama kwa zebra. Wewe unafanya nini?" "Nasimama!" Darasa zima lilishtuka vile nilijibu. Nilipiga huo ubao mpaka vigari vikaanguka. Na siku ya kwanza kupewa usukani wa kweli, nilisimama kwa zebra ambayo haikuwa na mtu, nikangoja.

"Boss, tunangoja nani?" mwalimu wa udereva akaniuliza.

"Pengine kuna mtu anakuja."

"Atakuja kesho?"

Nyuma magari yalikuwa yanapiga honi, na mimi nilikuwa na amani tu.

Siku ya korti ikafika, na baridi ile ya Julai ya Nakuru inayokufanya uone pumzi yako. Shosho alitoka chumbani na nguo ya harusi za watu, kitambaa cheupe, viatu vya kung'aa. Alikuwa amependeza mpaka nikaogopa. Mwalimu alikuja kutuchukua na gari ile ile, ambayo Shosho huipigapiga kwa boneti kama ng'ombe aliyesamehewa. Tulipofika, akaacha fimbo ndani ya gari makusudi. Nikamfuata nayo.

"Rudisha."

"Shosho, tafadhali."

"Siwezi kusimama mbele ya serikali na fimbo kama mtu anayepeleka mbuzi. Nishike mkono."

Nikamshika mkono. Ningefanya nini?

Hakimu alikuwa mzee kidogo, ana sauti ya chini. Shosho akaapa, akashika ule ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Wakili wetu alimuuliza maswali, na masomo yangu yakaonekana. "Goti linanisumbua," alisema. "Halikunji vizuri." Nikaanza kupumua.

Kisha akasimama wakili wa bima, kijana nadhifu, sauti ya asali. Hakufoka. Alitabasamu.

"Shosho, habari ya asubuhi?"



"Nzuri sana, mwanangu! Na wewe? Watu wa nyumbani hawajambo?"

Watu wakacheka, hata karani.

"Hawajambo, Shosho. Na wewe ni mzima?"

"Kabisa, namshukuru Mungu."

"Umetembea mpaka hapo bila fimbo?"

"Ndiyo."

"Na daktari ulimwambia mguu uko sawa?"

"Nilimwambia."

"Asante, Shosho. Sina swali lingine." Akaketi.

Dakika mbili tu. Nilimwangalia wakili wetu, naye alikuwa anapekua karatasi zake haraka haraka. Shosho alikuwa anatabasamu pale juu, hajui ameuza nini. Machozi yalinijia. Niliona miaka yote inayokuja, yeye na huo mguu mbele.

Hakimu akainua mkono. "Mama, mimi niko na swali moja. Na hili si salamu. Hapa umeapa. Kuna kitu ulikuwa unafanya kabla ya ajali, ambacho sasa huwezi?"

 Tabasamu la Shosho likapungua. Akaangalia chini, akaangalia mahali nilipoketi, akarudisha macho.

"Kipo, mheshimiwa. Lakini nikikisema nitaona haya. Hata huyu mjukuu wangu hajui."

"Sema tu, mama."

"Sipigi magoti." Sauti ikawa ndogo. "Tangu nikiwa msichana naongea na Mungu nikiwa nimepiga magoti. Sasa naongea naye nimeketi kwa kiti, mguu nimemnyooshea mbele, kama mtu anapiga soga na jirani. Huwa namwambia, Baba, si madharau. Ni chuma."

Hakuna mtu alicheka. Kwetu nyumbani chumba chake kina pazia, na mimi kumbe nilikuwa napita nje kila asubuhi na chai, namfundisha kulalamika, na hiki ndicho alikuwa ameficha.

Hakimu akamuuliza kama anaweza kuonyesha goti linafika wapi, asijilazimishe. Shosho akashika ubao, akaanza kushuka. Alishuka kidogo sana. Goti likagoma, na akatoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akitoa, ndogo, kama mlango. Nyuma ya korti mwalimu alikuwa ameshasimama, anakuja mbio kumshika. Askari wa korti akamzuia.

"Wewe ni nani?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, mimi ndiye nilimgonga."

"Na ni kijana mzuri!" Shosho akasema kutoka kizimbani. "Hiyo niliapa nitasema."

Sasa korti yote ikacheka, na hakimu akavua miwani akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Uamuzi ulisomwa wiki kadhaa baadaye, siku hizi unasomwa kwa simu. Wakili alinitumia linki, nikaegemeza simu yangu kwa chupa ya sosi pale kwa toroli. Watu watano wa boda wakazunguka kusikiliza. Netiweki ilikuwa inaenda na kurudi. Nilisikia hakimu akisema kwamba mlalamishi ni mama anayesalimu vile alilelewa kusalimu, na salamu si ripoti ya daktari. Kisha simu ikakwama, uso wake ukabaki mdomo wazi.

"Ameshinda ama?" mmoja akauliza.

"Nyamaza!"

Ikarudi. "...korti imeridhika kwamba operesheni hiyo inahitajika, na gharama yake..."

Sikusikia mengine. Wale watu wa boda walipiga honi zote tano kwa pamoja, na smoki zangu zikaungua zikawa makaa. Walizila hivyo hivyo, wakasema leo ni sherehe, hakuna kuchagua. Nilipokimbia nyumbani kumwambia Shosho, alikuwa anaanika nguo, akaniuliza swali la kwanza: "Na yule kijana wa bima hakufutwa kazi?"

Operesheni ilifanywa. Chuma kilitolewa, na Shosho aliomba apewe akione, akasema ni kidogo kuliko alivyofikiria. Mazoezi yalikuwa ndiyo kazi. Kila siku nilimkunjia goti kidogo kupita jana, yeye anaimba kwa nguvu ili asilie, na majirani walidhani tumeanzisha kanisa. Wiki zikapita. Siku nyingine goti lilikubali, siku nyingine likakataa kabisa, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba kulia kidogo halafu nikarudi.

Jumamosi moja mwalimu alikuwa amekuja, chai iko mezani, mkate umekatwa. Shosho akasema tuombe. Tukainamisha vichwa kama kawaida. Lakini sikusikia neno. Nilipofungua macho, alikuwa ameweka blanketi chini, mkono mmoja kwa kiti. Akashusha mguu mzuri. Akashusha ule mwingine, polepole, uso umekaza, mpaka goti likagusa blanketi. Hakuomba nimsaidie, na mwalimu aliponyoosha mkono nilimshika shati.

 Halafu akaanza.

Alimshukuru Mungu kwa goti la kulia na kwa goti la kushoto, kila moja kivyake. Akamwombea hakimu macho yake. Akamwombea wakili wetu, na yule kijana wa bima, apate mke mwenye subira. Aliombea breki za mwalimu. Aliwaombea madereva wote wanaoona lori limesimama, wasidhani limeharibika, na wamama wote wanaovuka, waangalie kila mstari kabla ya kusema asante. Akafika kwa mtihani wangu wa udereva, akakaa hapo sana, mpaka nikaona kama Mungu naye atapata wasiwasi.

Mvuke wa chai uliisha. Mwalimu akafungua jicho moja.

"Bado?" akaninong'oneza.

"Ako na maombi ya mwaka mzima na nusu."

Akafunga jicho. Shosho akavuta pumzi, akajiweka vizuri juu ya magoti yake, akaingia kwa mambo ya serikali.